Nyumba Iliyoibiwa kwa Ratiba: Kisa cha Joe Burrow

Jumatatu usiku, tarehe 9 Desemba 2024, Joe Burrow, mchezaji nyota wa mpira wa Kimarekani, alikuwa Arlington, Texas, akisubiri kuiongoza Cincinnati Bengals dhidi ya Dallas Cowboys. Nyumba yake ilikuwa zaidi ya kilomita 1,200 kutoka pale, Anderson Township, katika Kaunti ya Hamilton, jimbo la Ohio. Saa mbili na dakika 14 usiku polisi wa kaunti wakapata taarifa: dirisha la chumba cha kulala limevunjwa, chumba kimepekuliwa chote. Aliyegundua ni mtu anayemfanyia kazi Burrow, ambaye alifika nyumbani hapo na kukuta vioo chini. Mechi ndiyo kwanza ilikuwa inaanza.

Nimechagua kisa hiki kati ya vingi vya msimu ule kwa sababu moja. Ukisoma habari za wizi wa majumbani, mara nyingi unamaliza ukijisemea kwamba mwenye nyumba alizembea: hakuweka kamera, aliacha mlango wa nyuma wazi, hakuwa na mlinzi. Hapa huwezi kusema hivyo. Nyumba ilikuwa na kamera. Ilikuwa na walinzi wa kulipwa. Zaidi ya hapo, wiki chache kabla, ligi ya mpira wa Kimarekani, NFL, ilikuwa imetuma onyo kwa timu na kwa chama cha wachezaji kwamba kuna magenge yanayowalenga wachezaji. Kila kitu ambacho fedha inaweza kununua kilikuwepo, na bado watu waliingia, wakachagua walichotaka, wakaondoka. Basi swali la kuuliza ni nini hasa kilichoshindwa.

Jibu langu nalitoa mapema ili msomaji anipime nalo: nyumba ile iliibiwa kwa ratiba. Genge lilisoma ratiba mbili, ya mwenye nyumba na ya walinzi wake, likapita mahali ambapo zote mbili zilikuwa na pengo.

Ratiba ya kwanza ilikuwa hadharani. NFL ilitangaza mechi zote za msimu tarehe 15 Mei 2024. Tangu siku hiyo, karibu miezi saba kabla, mtu yeyote mwenye simu alijua kwamba usiku wa tarehe 9 Desemba Burrow atakuwa Texas mbele ya kamera za televisheni. Mwizi wa kawaida hupoteza siku nyingi kujua kama wenye nyumba wapo. Hugonga mlango akijifanya anauliza njia, hutazama kama taa zinawaka, huhesabu magari. Mwizi wa mchezaji maarufu hafanyi kazi hiyo. Anawasha runinga tu.

Kuna jambo hapa ambalo watu wengi hulikosea. Hudhani hatari ni pale mchezaji anaposafiri. Nyumba ya Travis Kelce, mchezaji mwingine wa NFL, ilivunjwa tarehe 7 Oktoba 2024, siku ambayo Kansas City Chiefs walikuwa wanacheza kwenye uwanja wao wenyewe. Ya Bobby Portis wa timu ya mpira wa kikapu ya Milwaukee Bucks ilivunjwa tarehe 2 Novemba, nayo siku ya mechi ya nyumbani. Ukifikiri kidogo utaona mantiki yake. Baba akisafiri kikazi, mke na watoto hubaki. Mechi ikiwa mjini, familia nzima inaenda uwanjani, pamoja na marafiki na ndugu waliokuja kutembea. Nyumba inakuwa tupu kabisa, kwa saa zinazojulikana. Ndivyo ilivyo hata kwa mtu asiye na jina: harusi ya mtoto wako, msiba wa ndugu, mahafali, ibada ya kila wiki saa ileile. Sherehe huiacha nyumba tupu kuliko safari inavyoiacha, na sherehe ndiyo tunayoitangaza kwa furaha zaidi.

Ratiba ya pili haikuwa hadharani, na hapa ndipo kisa kinapopata uzito. Mwendesha mashtaka wa Kaunti ya Hamilton alieleza baadaye kwamba washukiwa walipita msituni ili kukwepa kamera, wakavunja dirisha, na wakapata nafasi kati ya zamu za walinzi. Vitu vya thamani ya takriban dola 300,000 vikaondoka: mabegi ya safari, miwani, saa za mkononi na vito.

Kati ya zamu. Maneno haya mawili yanastahili kukaliwa kitako. Mlinzi yeyote aliyewahi kukaa lindoni anaijua dakika hiyo. Anayetoka ameshachoka, mkoba uko begani, anatazama saa. Anayeingia amefika lakini bado hajafika. Anatafuta pa kuweka chakula chake, anauliza kama kuna la kuripoti. Huenda mmoja ameondoka dakika tano mapema kwa sababu mwenzake alimpigia simu kwamba yuko njiani. Kwenye karatasi ya kampuni nyumba inalindwa saa 24. Kwa hali halisi inalindwa saa 24 kasoro dakika hizo, na dakika hizo huwa zilezile kila siku. Mtu akikaa msituni jioni mbili tatu anazijua vizuri kuliko mwenye nyumba anayelipa mshahara.

Sina ushahidi kwamba kuna mtu aliyekaa msituni jioni mbili tatu. Lakini FBI, shirika la upelelezi la serikali kuu ya Marekani, katika taarifa yake ya Desemba 2024 kuhusu magenge haya, ilisema hupeleleza kwanza, kwa macho na kwa vifaa, na onyo la NFL lilitaja kwamba baadhi yao hujifanya watu wa kuleta mizigo, watunza bustani au wakimbiaji wa mazoezi. Hao ndio tunaowaita wachora ramani. Wakati mwingine kazi ya kuchora ramani imeshafanywa na mwenye nyumba mwenyewe: picha ya sebule mpya mtandaoni, video ya kutembeza wageni chumba hadi chumba, na tangazo la zamani la kuuza nyumba ambalo bado lina picha za kila kona na mchoro wa vyumba. Tangazo hilo la mauzo ndilo ningeanza kulifuta. Watu huhamia nyumba, hubadilisha vitasa, na kuacha ramani nzima ikining'inia kwenye intaneti kwa miaka.

Sasa tuangalie waliingilia wapi. Chumba cha kulala. Hawakuanzia sebuleni wala ofisini, na haikuwa bahati nasibu. Vito, saa, fedha taslimu, pasipoti, bastola, ufunguo wa kasha: vyote karibu kila nyumba hukaa ndani ya hatua kumi kutoka kitandani. Mwizi wa magenge haya hana haja na runinga wala friji. Anataka kitu kinachoingia kwenye begi, na ukitazama orodha ya vitu vya Burrow utaona mabegi yenyewe yamo. Pengine yalichukuliwa kwa thamani yake, maana mabegi ya kifahari yana bei. Ila mimi nahisi yalifanya kazi mbili.

Chumba hichohicho ndicho huwa na ulinzi dhaifu kuliko vyote. Tunafunga vihisi mwendo ukumbini na jikoni, chumbani tunaacha kwa sababu hatutaki king'ora kilie tunapoamka usiku kwenda chooni. Madirisha ya ghorofani huachwa bila vihisi kabisa kwa imani kwamba hakuna atakayepanda. Mlango wa mbele una vitasa vitatu, kamera na taa inayowaka mtu akisogea. Upande wa nyuma unaotazama miti una kioo kitupu. Nyumba nyingi zimejengwa kumwogopa mgeni anayebisha hodi.

Kuhusu kioo, kuna fundisho ambalo lilijitokeza mwezi mmoja baadaye. Tarehe 10 Januari 2025 maofisa wa usalama wa Ohio walisimamisha gari kwenye barabara kuu ya I-70, Kaunti ya Clark. Ndani walikuwamo wanaume wanne, raia wa Chile. Pamoja na vitambulisho vya kughushi, maofisa walikuta vifaa vidogo vya chuma vyenye springi ndani, vimeviringishwa kwenye taulo. Mafundi hutumia vifaa hivyo kutia alama kwenye chuma kabla ya kukitoboa. Hupatikana kwenye duka lolote la vifaa vya ujenzi, na kuwa navyo kwa kazi halali si kosa. Lakini kioo kigumu cha kisasa, kile kilichopashwa moto mkali na kupozwa ghafla ili kiwe imara, kikiguswa na ncha ile hupasuka chote mara moja na kumwagika kama chumvi. Huhitaji jiwe, huhitaji nyundo, na kelele ni ndogo.

Ndiyo maana fedha ya mwenye nyumba ingefanya kazi zaidi kwenye kioo kuliko kwenye kamera ya kumi na moja. Kioo cha tabaka mbili chenye utando wa plastiki katikati, kama kile cha mbele ya gari, hupasuka lakini hakianguki. Mwizi anabaki akikipiga na kukisukuma huku muda unakwenda. Asiyeweza kubadilisha vioo anaweza kubandika utando mzito wa usalama upande wa ndani, mradi ushikizwe hadi kwenye fremu, la sivyo kioo chote kinang'oka kama jani. Na kihisi kinachosikia sauti ya kioo kinachopasuka kinastahili kuwekwa chumbani kabla ya pengine popote.

Kamera sizidharau. Nasema tu kwamba zimepewa kazi isiyo yao. Nyingi za nyumbani hutuma picha kwa Wi-Fi, na FBI ilitaja kwamba baadhi ya magenge hutumia vifaa vya kuvuruga mawimbi hayo. Nchini Marekani vifaa hivyo ni marufuku kwa sheria ya mawasiliano, lakini anayevunja nyumba hatashtushwa na kosa la ziada. Kamera ikikatwa mawimbi haipigi kelele. Inanyamaza, na mwenye nyumba anaona kwenye simu alama ya mtandao hafifu kama ile anayoiona kila siku. Dawa yake ni ya kizamani: waya. Kamera ya waya yenye kinasa picha kilichofichwa ndani ya nyumba haivurugwi kwa njia hiyo. King'ora nacho kiwekwe kwa namna ambayo mawasiliano yakikatika kinahesabu kuwa ni hatari na kulia chenyewe.

Nirudi kwa wale wanne wa I-70, kwa sababu kilichowaunganisha na nyumba ya Burrow ndicho kinachonifurahisha zaidi katika kisa chote. Haikuwa saa ya bei mbaya. Kwa mujibu wa hati za mahakama, ndani ya gari ilikutwa fulana kuukuu ya LSU na kofia ya Bengals, ambavyo wapelelezi waliamini vilitoka kwenye nyumba ile. LSU ni chuo kikuu cha Louisiana ambako Burrow alitwaa ubingwa wa taifa katika msimu wa 2019. Vito vilikuwa havipo tena. Lakini mtu aliyechukua mali ya dola 300,000 aliona ni busara kubeba na fulana ya mazoezi, na fulana ndiyo ikamsemea. Niongeze haraka kwamba, mashtaka yalipofunguliwa, hao walikuwa watuhumiwa, na mengi ya yaliyoandikwa hapa kuhusu nani alifanya nini ni madai ya upande wa mashtaka.

Mali ya thamani huenda wapi? Februari 2025, waendesha mashtaka wa shirikisho mjini Brooklyn waliwafungulia mashtaka wanaume wawili wakiwatuhumu kununua kwa miaka kadhaa saa, vito na mikoba ya kifahari kutoka kwa magenge ya wizi ya namna hii. Mmoja alikuwa na duka la rehani katika mtaa wa wauza almasi wa Manhattan. Bila mnunuzi wa namna hiyo, saa ya dola 40,000 ni kipande cha chuma kinachoweza kukufunga jela. Kwa hiyo namba iliyochongwa nyuma ya saa, picha ya pete kutoka pande zote na risiti ya fundi, vyote vikihifadhiwa nje ya nyumba, ni ulinzi wa kweli. Haviwezi kumzuia mwizi asiingie. Vinampunguzia bei kwa mnunuzi, na vinawapa polisi kitu cha kushika siku gari likisimamishwa barabarani. Watu wengi hukumbuka kupiga picha sahani ya chakula, pete ya ndoa hawajawahi.

Hapa inafaa kusema kidogo kuhusu jinsi genge linavyoishi, maana neno lenyewe huwatia watu picha ya jeshi. Katika mashtaka yaliyofunguliwa Tampa, Florida, mwaka huohuo, raia saba wa Chile walituhumiwa kwa mfululizo wa uvunjaji wa nyumba za wachezaji katika majimbo mbalimbali, mali ikikadiriwa kuzidi dola milioni 2. Nyumba ya Burrow imo kwenye mfululizo huo. Wanatembea wachache wachache, hubadili magari na majina, na hawakai kaunti moja. Hilo la mwisho ndilo linalowapa nguvu. Sherifu wa kaunti ya kwanza anaona dirisha moja limevunjwa. Wa kaunti ya pili, umbali wa siku mbili kwa gari, anaona dirisha jingine. Mpaka mtu aziweke taarifa zote mezani pamoja, hakuna genge, kuna madirisha tu. FBI huingia kwa sababu kusafirisha mali ya wizi yenye thamani ya dola 5,000 au zaidi kuvuka mpaka wa jimbo ni kosa la shirikisho.

Wanasiasa wa Marekani walidaka jambo la viza, kwa kuwa Chile tangu 2014 imo kwenye mpango unaoruhusu raia wake kuingia Marekani hadi siku 90 bila viza. Mjadala huo una nafasi yake, ila kwa mwenye nyumba hauna faida. Dirisha lako halijui pasipoti ya anayelivunja, na idadi kubwa mno ya Wachile wanaoingia kwa utaratibu huo wanakwenda kutembea na kurudi kwao.

Tuijenge upya nyumba ya Anderson Township, basi, kwa fedha ileile aliyokuwa anatumia Burrow. Mimi ningeanza na zamu. Zamu za walinzi ziingiliane kwa nusu saa ambamo wote wawili wako nyumbani hapo, mmoja mbele na mwingine nyuma, na saa za kubadilishana zisiwe zilezile kila siku. Ni gharama ya nusu saa ya mshahara. Asiye na mlinzi ana zamu pia, hata kama haziiti hivyo: saa anayompeleka mtoto shule, saa msaidizi wa nyumbani anapotoka, siku ya mazoezi. Huwezi kuishi bila utaratibu, lakini unaweza kuuvuruga mara mojamoja, ukarudi saa nne asubuhi bila sababu, ukamwomba jirani aegeshe gari lake mbele ya nyumba yako.

Kisha upande wa miti: taa, kichaka kikatwe kisizidi urefu wa goti karibu na madirisha, changarawe inayolia chini ya kiatu. Vito vitoke chumbani. Kasha la chuma lifungwe kwa bolti kwenye sakafu ya zege, tena chumba kingine, kwa sababu kasha dogo lisilofungwa ni begi tu lenye mlango mzito. Mwizi aliyekuja na bajeti ya dakika chache anaanza kuumizwa na kila mlango wa ndani uliofungwa.

Kuhusu jirani kuna la kusema peke yake. Mwaka 1986, katika mtaa wa nyumba za kupanga wa Kirkholt, huko Rochdale, Uingereza, ulianza mradi ambao watafiti wa uhalifu bado wanautaja. Waligundua kwamba nyumba iliyokwisha kuibiwa ilikuwa katika hatari kubwa ya kuibiwa tena, upesi. Wakaondoa mita za gesi na umeme za kulipia kwa sarafu, ambazo wezi walizivunja kwa ajili ya fedha zilizomo, wakaimarisha milango ya walioibiwa, na wakawaomba majirani sita hivi wanaoizunguka kila nyumba iliyoathirika wawe macho yake. Uvunjaji ukashuka kwa zaidi ya nusu katika mwaka wa kwanza. Nyumba sita zenye macho, bila hata kamera moja. Nyumba kubwa iliyofichwa na miti kwa ajili ya faragha imejinyima kitu hicho, na hakuna kampuni ya ulinzi inayoweza kukirudisha chote.

Dokezo la Kirkholt linamhusu pia yule aliyekuta vioo chini usiku ule. Ukifika kwako ukaona dirisha limepasuka, usiingie kuhesabu hasara. Geuza, nenda kwa jirani, piga simu ukiwa huko. Walio ndani wanaweza kuwa hawajamaliza. Na wiki zinazofuata ndizo za kubadilisha kila kitu, si baada ya bima kulipa, kwa sababu waliofika wameshajua njia na wanajua utanunua vipya.

Burrow alishinda mechi ile, 27 kwa 20. Siku mbili baadaye aliwaambia waandishi wa habari kwamba faragha yake imevunjwa kwa namna zaidi ya moja, na kwamba mengi yameshatoka hadharani kuliko alivyotaka. Alikuwa na haki ya kulalamika: wizi ulifanya nyumba yake izungumzwe kila mahali, na yeyote ambaye hakujua anakaa wapi sasa alijua. Tarehe 14 Mei 2025 ligi ikatoa ratiba ya msimu mpya: tarehe, saa na uwanja wa karibu kila mechi ya Bengals.